Kununua duka katika kijiji kimoja cha Woolwich, Ontario: wateja wa aina mbili, maji na karo la majitaka

*"Mshauri, mimi na mume wangu ni wenyeji wa Mombasa, na sasa tunaishi Kitchener, Kanada, tukiwa tayari wakaazi wa kudumu. Mume wangu ni dereva wa lori, nami nina ujuzi wa mapishi. Tumeona duka dogo linauzwa pamoja na jengo lake katika kijiji kimoja cha Woolwich, halmashauri ya mashambani iliyo kaskazini ya hapa. Mwenyewe ni mzee anayestaafu. Anauza zawadi na vyakula vya makopo, na anasema wateja hawakosekani mwaka mzima. Nataka kuligeuza liwe mkahawa mdogo wa mahamri, sambusa na pilau. Tumeambiwa kwamba kodi za huko ni nafuu, kwamba vibali si vingi kama vya mjini, na kwamba kwa kuwa ni sehemu ya vijijini, ndugu yangu aliye Mombasa anaweza kuletwa kwa urahisi aje kufanya kazi. Wengine wanatutisha kwamba Wamennonite wa huko, watu wa madhehebu ya Kikristo, hawanunui kwa wageni. Dalali anataka tuweke arbuni kabla ya mwisho wa mwezi. Je, ni mahali pa namna gani hasa, na tuingie au tusiingie?"*

Dada yangu, umeuliza maswali mengi, lakini nikiyasoma yote kwa pamoja naona hofu moja: kwamba akiba ya miaka mingi itazama katika jengo ambalo hamlijui, na kwamba mkichelewa mtu mwingine atalichukua. Nitakueleza mahali penyewe kwa kirefu, kwa sababu huwezi kupima bei ya duka la kijijini bila kujua kijiji kinaishi kwa nini. Jibu langu la haraka ni kwamba Woolwich ni mahali pazuri kwa biashara ndogo, lakini kama jengo hilo linaweza kuwa mkahawa ni jambo ambalo si dalali wala mzee huyo anayeweza kukuhakikishia. Ardhi, maji na hesabu za miezi ya baridi ndizo zitakazokujibu.

Tuanze na mahali. Tangu mwaka 1973 Mkoa wa Waterloo umeundwa na miji mitatu, yaani Kitchener, Waterloo na Cambridge, pamoja na halmashauri nne za mashambani, na Woolwich ni mojawapo. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 326, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 26,999, idadi ambayo ingeenea katika mtaa mmoja wa Mombasa. Makao yake ni Elmira, mji mdogo ulio mkubwa kuliko vijiji vyote vya hapo. Vingine ni St. Jacobs, Breslau, Conestogo, Maryhill, West Montrose na kadhalika. Inaongozwa na meya na madiwani watano. Mkoa, kwa upande wake, unashughulikia polisi, mabasi, afya ya umma, na uzalishaji wa maji pamoja na usafishaji wa majitaka, ilhali halmashauri inashughulikia vibali vya ujenzi, zimamoto, barabara za ndani na matumizi ya ardhi. Mgawanyo huu una maana kwako moja kwa moja: mkahawa wako utapita katika milango miwili ya serikali, na ruhusa ya mlango mmoja haikufungulii mwingine.

Ardhi yenyewe imo katika eneo walilopewa watu wa Six Nations, muungano wa mataifa sita ya wenyeji asilia, mwaka 1784 kandokando ya mto Grand, ambalo baadaye sehemu zake ziliuzwa kwa vipande vikubwa; kipande kilichokuja kuwa Woolwich kilikuwa na ekari 86,078. Katika karne ya 19 wakafika Wamennonite waliotoka Pennsylvania, Marekani, na vizazi vyao ndivyo vinavyolima sehemu kubwa ya mashamba unayoyaona ukienda Elmira, baadhi yao wakiwa bado wanasafiri kwa magari ya kukokotwa na farasi.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ni mashamba matupu. Makao makuu ya Home Hardware, mtandao wa maduka ya vifaa vya ujenzi na vya nyumbani ulioenea Kanada nzima, yako St. Jacobs. Mtandao huo ulianza mwaka 1964, pale wenye maduka madogo wa Ontario walipoamua kununua bidhaa kwa pamoja ili wasimezwe na wakubwa, na hadi leo unamilikiwa na wenye maduka wenyewe. Elmira ina viwanda, kikiwemo cha viti vya magari. Uwanja wa ndege wa mkoa uko Breslau, ndani ya Woolwich. Na wapo maelfu ya wakaazi wanaolala Woolwich na kufanya kazi Kitchener au Waterloo, ambao kikombe chao cha asubuhi hununuliwa huko waendako. Hao ni wengi katika vijiji vilivyo karibu na miji, na mwenye mkahawa akiwahesabu kwa idadi ya paa za nyumba atajidanganya.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Biashara za Woolwich zina wateja wa aina mbili, na duka moja moja huegemea upande mmoja kuliko mwingine. Wapo wenyeji, ambao hununua chakula cha mifugo, misumari, dawa na mkate, wanaokuja Jumanne ya Februari kama wanavyokuja Jumamosi ya Julai, na ambao huhitaji muda mrefu kukuzoea lakini wakikuzoea hawakuachi ovyo. Wapo pia wapita njia, yaani watalii na wakaazi wa mijini wanaokuja kutembea mwisho wa juma. Hawa huja kwa wingi, hutumia fedha bila kuhesabu sana, kisha hutoweka. Wewe uliyekulia Mombasa huhitaji kuelezwa jinsi hoteli inavyoweza kujaa mwezi wa Desemba na kuwa tupu mwezi wa Mei, St. Jacobs ina tabia hiyo hiyo, ila kwao kipindi cha upungufu huja pamoja na theluji inayobidi uilipie ili iondolewe mlangoni.

Soko la wakulima la St. Jacobs, lililoanza mwaka 1975, ndilo sumaku ya wapita njia. Hufunguliwa Alhamisi na Jumamosi mwaka mzima, na wakati wa kiangazi huongezwa Jumanne. Jengo lake kuu liliteketea kwa moto tarehe 2 Septemba 2013, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 2015; katika kipindi hicho chote soko halikufa, jambo linaloonyesha kwamba watu walikuwa wakifuata wachuuzi na mazao zaidi ya paa. West Montrose nako kuna daraja la mbao lenye paa, lililojengwa mwaka 1881, la mwisho la aina yake lililobaki Ontario. Watu husimama, hupiga picha na kuondoka, na ni wachache wanaokaa kula. Kisha kuna tamasha la Elmira la shira ya meipo, ule mti ambao jani lake liko katikati ya bendera ya Kanada. Utomvu hutiririka pale usiku unapoganda na mchana unapopata joto kidogo, na lita 40 hivi za utomvu hutoa lita moja ya shira, ndiyo maana tamasha huangukia mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Lilianza mwaka 1965, na mwaka 2000 liliingia katika rekodi za Guinness kwa kuvuta watu 66,529 kwa siku moja. Ni siku moja, dada yangu. Mwuzaji akikuonyesha picha za umati huo, muulize aliuza kiasi gani wiki iliyofuata.

Kwa hiyo usiridhike na jumla ya mauzo ya mwaka. Omba mauzo ya kila mwezi kwa miaka mitatu, uyalinganishe na taarifa za kodi ya mauzo alizowasilisha serikalini na fedha zilizoingia benki. Ukiona Januari, Februari na Machi zinaleta sehemu ndogo sana ya mapato, jua kwamba unanunua biashara ya miezi tisa inayolipa mkopo wa miezi 12. Si kwamba haifai. Ina maana tu kwamba bei yake iwe ya miezi tisa. Na kumbuka kwamba mauzo ya zawadi na makopo hayakwambii lolote kuhusu mauzo ya pilau. Unachonunua kwake ni mahali na mazoea ya watu kusimama hapo, ilhali biashara ya chakula utaianza upya.

Kuhusu Wamennonite, uliyoyasikia si kweli kwa namna yalivyosemwa. Kwanza si kundi moja: wapo wa Mpango wa Kale wanaotumia farasi, na wapo ambao huwezi kuwatofautisha na jirani yako wa Kitchener kwa mavazi wala gari. Wasomaji wetu wa mkoa wa Mara wanalifahamu Kanisa la Mennonite Tanzania, ambalo mizizi yake ni wamisionari waliofika Shirati mwaka 1934. Ni ukoo mmoja wa imani, ingawa wa Mpango wa Kale ni tawi lenye desturi zake. Hawa hununua kwa yeyote mwenye bidhaa wanayoihitaji kwa bei ya haki, lakini hupika nyumbani, hawapendi kutumia fedha mkahawani, na hawauzi wala kununua Jumapili. Kwa maneno mengine, wahesabu kama majirani na kama wauzaji wako kuliko kama wateja wako. Mwaka 2004 wakulima wa eneo hilo walianzisha mnada wa mazao wa ushirika karibu na Elmira, mwaka mmoja baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kufunga masoko ya nyama ya Kanada na kuwaumiza wafugaji, wakaona heri waongeze mboga. Mwenye mkahawa anaweza kununua hapo maboga, vitunguu, viazi na kabichi kwa jumla, na hilo ni faida halisi ya kuwa Woolwich badala ya mjini.

Sasa tuje kwenye jengo, ambalo naliona ni hatari kubwa kuliko wateja. Ile habari kwamba vibali vya vijijini ni vichache ni kinyume cha hali ilivyo. Kila kiwanja kimepangiwa matumizi yake katika sheria ndogo za halmashauri, na ruhusa ya kuuza bidhaa si ruhusa ya kupika na kulisha watu. Duka likigeuzwa mkahawa, sheria ya ujenzi ya Ontario hulitazama kama jengo lililobadilishwa matumizi: idadi ya vyoo hukaguliwa, milango ya kutokea, maegesho, na njia ya mtu mwenye kiti cha magurudumu. Mafuta ya kukaangia mahamri na sambusa yanadai kifaa cha kunyonya moshi chenye mfumo wake wa kuzima moto, na kifaa hicho peke yake kinaweza kugharimu fedha nyingi kuliko majiko yote mengine kwa pamoja. Kama jengo liko karibu na mto Grand au Conestogo, huenda limo katika eneo la mafuriko, na hapo mamlaka ya hifadhi ya mto Grand nayo ina neno.

Maji na majitaka ndiyo yanayowaangusha wengi. Elmira, St. Jacobs na Breslau zina mabomba ya maji na ya majitaka, lakini katika vijiji vidogo majengo mengi hutegemea karo, na baadhi hutegemea kisima. Karo la huko si shimo la kujaa na kunyonywa tu. Majitaka hutulia ndani ya tangi, uchafu mzito ukizama na mafuta yakielea, kisha maji ya katikati hupita kwenye mabomba yenye matundu yaliyozikwa ndani ya changarawe, na udongo ndio unaoyasafisha. Udongo una kikomo cha maji unayoweza kunywa kwa siku. Karo la duka lenye choo kimoja lilipimwa kwa matumizi ya watu wachache. Ukileta viti 20, masufuria ya pilau na mafuta ya kukaangia, maji huongezeka mara nyingi, na mafuta yakipenya hadi kwenye changarawe huziba vinyweleo vyote vya udongo. Ukarabati wake maana yake ni kuchimba uwanja upya, na kama kiwanja ni kidogo na kisima kiko karibu, huenda kusiwe na nafasi inayokubalika kisheria. Hapo mkahawa hufa kabla haujazaliwa, hata kama kila mtu kijijini anaupenda.

Ikiwa jengo lina kisima chake, maji hayo yakishatumiwa kwa umma yanakuwa chini ya kanuni za mifumo midogo ya maji ya kunywa, na mkaguzi wa afya wa mkoa ndiye hupima hatari na kupanga yapimwe kila baada ya muda gani. Woolwich ina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1989 kemikali iitwayo NDMA, inayoweza kusababisha saratani, iligunduliwa katika visima vya mji wa Elmira, ikihusishwa na kiwanda cha kemikali kilichokuwa hapo kwa miaka mingi. Visima hivyo vilifungwa, bomba likavutwa kuleta maji kutoka Waterloo, na kazi ya kusafisha maji ya chini ya ardhi ikaendelea kwa miongo kadhaa. Leo Elmira inakunywa maji ya bomba yaliyo salama, na sisemi haya kukutisha. Nasema ili uelewe kwa nini wakili atakushauri uchunguze historia ya kiwanja, hasa kama zamani palikuwa na kituo cha mafuta au karakana, kwa kuwa ukinunua ardhi yenye uchafu unaweza kununua pamoja na jukumu la kuusafisha.

Kodi ya majengo nayo si nafuu kama mlivyoambiwa. Kilicho nafuu ni shamba: ardhi ya mkulima aliyesajiliwa hutozwa si zaidi ya robo ya kiwango cha nyumba ya kuishi. Jengo la biashara hutozwa kiwango cha juu kuliko nyumba, katika mkoa huu karibu mara mbili, na ndani ya bili mna sehemu ya halmashauri, ya mkoa na ya elimu. Juu ya hapo, mauzo yakizidi dola 30,000 katika robo nne za mwaka zinazofuatana ni lazima ujisajili kwa kodi ya mauzo ya HST, asilimia 13. Muulize mhasibu jinsi mahamri yatakavyohesabiwa, kwa maana vitafunio vitamu vya aina ya keki na donati vikiuzwa chini ya sita hutozwa, na vikiuzwa sita au zaidi vya kwenda navyo nyumbani huwa havitozwi. Ni sheria ya ajabu kidogo, lakini imewafanya waokaji wengi wapende kuuza kwa nusu dazeni.

Kuhusu ndugu yako, naomba usiingize jina lake katika hesabu za duka hili. Mpango wa uhamiaji wa jamii za vijijini ulioanza mwaka 2025 haufunguliwi na kila kijiji cha Kanada. Ulichagua jamii 14, na za Ontario ni North Bay, Sudbury, Timmins, Sault Ste. Marie na Thunder Bay, zote za kaskazini na mbali na kwenu. Woolwich haimo. Hata huko, mwombaji huhitaji ahadi ya kazi kutoka kwa mwajiri aliyeidhinishwa na jamii husika. Mtu akikuomba fedha kwa madai kwamba duka la Woolwich litamletea ndugu yako karatasi, mwache. Kwa swali hilo tafuta wakili wa uhamiaji au mshauri mwenye leseni.

Je, kuna njia nyingine? Zipo, na ningependa mzipime kwa utulivu. Vyakula visivyo hatari sana, kama mikate na biskuti zisizo na krimu, Ontario inaruhusu vitengenezwe katika jiko la nyumbani kwa masharti mepesi, baada ya kuiarifu idara ya afya ya mkoa. Sambusa za nyama na pilau haziingii humo, na kuhusu mahamri ya kukaanga mkaguzi ndiye atakayekuambia. Meza au kibanda katika soko la St. Jacobs kinawapa umati bila kununua jengo, ingawa nafasi hazipatikani kila mara na kodi ya pango italipwa na mauzo ya siku mbili au tatu tu za wiki. Kukodi jiko la biashara kwa saa na kuuzia maofisi na hafla ni polepole, lakini hakuna karo. Mnaweza pia kumwomba mzee awapangishe duka kwa mwaka mmoja, mkiwa na haki ya kulinunua kwa bei mliyokubaliana leo. Mimi ningeanzia sokoni au kwa kupanga, kwa kuwa mwaka mmoja wenye majira yote manne utawafunza zaidi kuliko karatasi zozote, tena mshahara wa mume wako utaendelea kulinda nyumba. Hasara yake ni kwamba jengo linaweza kuuzwa kwa mwingine, na sitakuficha kwamba majengo ya biashara vijijini hayatokei mara kwa mara, kwa sababu mkoa umezuia kwa makusudi miji isitawanyike juu ya mashamba.

Kabla ya chochote, nendeni wenyewe kwenye ofisi ya halmashauri Elmira mkiwa na anwani ya jengo, muulize idara ya mipango kama mkahawa unaruhusiwa pale na kama kuna faili la karo. Mnaweza kufanya hivyo bila kumjulisha dalali. Kisha zungumzeni na mkaguzi wa afya wa mkoa kuhusu jiko, na mmoja wenu ajiandikishe kwa mafunzo ya usalama wa chakula, kwa sababu lazima awepo mtu mwenye cheti wakati wote mnapofanya kazi. Kituo cha biashara ndogo cha Mkoa wa Waterloo hutoa ushauri, na kitawasaidia kupanga makadirio ya fedha.

Kuhusu arbuni, haraka ya dalali isiwe haraka yenu. Ofa inaweza kuandikwa ikiwa na masharti, na wakili wa biashara aiandike au aisome kabla hamjatia saini: kwamba ununuzi utategemea halmashauri kuthibitisha kwa maandishi kuwa mkahawa unaruhusiwa, ukaguzi wa karo na kisima, uchunguzi wa historia ya ardhi, hesabu za miaka mitatu kukubalika na mhasibu wenu, na benki kukubali mkopo. Fedha ya arbuni ishikwe katika akaunti ya amana, si mkononi mwa mwuzaji, na irudishwe kama sharti lolote halikutimia. Mzee akikubali masharti hayo, wekeni arbuni hata kesho. Akikataa hata lile sharti moja la karo, msiweke.